Unga na Pumzi Kwenye Maji Yale Yale

Maji yanayoshuka kwenye mulima wetu tuliyapa kazi mbili: kusaga mahindi na kutoa kuran, umeme wa mashine na taa. Turbini ni moja, ndogo, inakaa ndani ya kinyumba cha mawe kule bondeni. Muntu wa kuichunga ni shemeji yangu, mudogo wa marehemu bwana yangu, muzee mwenye kelele kushinda turbini yenyewe. Kuran inapanda na waya mpaka kwenye mulen ya kusaga, kutoka pale inaingia kwenye kituo cha afya, na safari yake inaishia pale. Nyumbani kwetu tunawasha taa ya mafuta ao tunalala.

Kuran ile ilikuwa na tabia mbaya. Mama akimwaga ndoo ya mahindi ndani ya mulen, turbini inalemewa, inazunguka polepole, na ampule za taa kule materinite, chumba cha kuzalia, zinakuwa nyekundu sawa macho ya mulevi. Mahindi yakiisha, turbini inajisikia nyepesi, inakimbia, na ampule zinawaka nyeupe mpaka unafunika uso. Sisi tulizoea. Hata wanawake waliokuwa wakizaa walizoea, walikuwa wanatukana kuran pamoja na bwana zao.

Kisha watu wa kutusaidia wakaleta ondulere. Ni sanduku la chuma wanalofunga ukutani. Linapokea kuran ya turbini, linaweka sehemu ndani ya batri, na linatoa kuran iliyotulia kwa mashine za muganga. Siku ya kulifunga tulipiga makofi na kuimba. Kesho yake mama wa kwanza akamwaga mahindi kwenye mulen, sanduku likafanya "tak", likaikataa kuran yetu. Likakula batri mpaka zikaisha, likazimika. Wale waliolileta walikuwa wamekwisha kwenda, na barabara ikafungwa nyuma yao.

Aliyelitengeneza ni mujukuu wangu. Ninasema bila aibu: ni musichana niliyembeba mugongoni nikilima maharagwe, akanikojolea misimu miwili, na leo anafungua sanduku ambalo wanaume wanaogopa kugusa. Alisoma elektronike Goma. Muji ulipoharibika akarudi nyumbani na ordinatere, kompyuta yake, ndani ya furushi la nguo, na mimi nikamupa jembe. Alilima vibaya sana. Mistari yake ilikwenda sawa nyoka. Kwa hiyo alipouliza kama anaweza kwenda kuangalia lile sanduku, nilimwambia aende upesi, shamba lipumzike.

Alikaa kule siku nyingi na waya zake. Jioni alikuwa anarudi kunisaidia kutwanga sombe, majani ya muhogo, sisi wawili ndani ya kinu kimoja, muchi wangu unaingia na wake unatoka. Siku moja akasema:

"Koko, sanduku halina makosa. Iko nakataa kwa sababu ya frekansi."

"Frekansi ni muntu gani?"

Akacheka mpaka akaacha kutwanga. "Ni mwendo, Koko. Kuran inapiga, inapiga, sawa muchi. Sanduku lilifundishwa kwamba turbini itapiga na mwendo mumoja, sikuzote. Turbini ikichoka, sanduku linaogopa michi itagongana. Linaweka muchi wake chini na kuondoka."

"Hiyo sanduku ni muvivu."

"Si muvivu. Haijui kufuata. Nitaifundisha kufuata."

Ile nilielewa. Ukitwanga na muntu, na yeye akapunguza kwa sababu mukono unauma, huendelei na mwendo wako sawa kichaa. Unamufuata.

Lakini kufundisha chuma si sawa kufundisha mutoto. Aliandika programe ya kwanza, akaitia ndani ya sanduku. Ile ilikuwa na akili ya haraka. Kila mutikisiko mudogo, kila mara waya ulipopigwa na upepo, sanduku lilikimbia kuufuata, likayumba, likaanguka. Akaandika nyingine yenye akili ya polepole. Ile haikuyumba, lakini mulen ilipoanza kuvuta, ilikuwa bado inafikiri, na turbini imekwisha shuka mbali. "Tak." Mujukuu wangu alikonda. Alikuwa anakula akitazama ukuta.

Wakati huo mudogo wake akafika. Alikuwa ameolewa kule Kibua, upande wa Walikale, na wenye bunduki waliingia kijijini mwao asubuhi watu wakienda shamba. Alitembea na mimba ya miezi saba, porini na kwenye milima, na miguu ilipofika kwangu ilikuwa imevimba sawa mihogo. Hakupumzika hata kidogo, uchungu ukamukamata. Alizaa mutoto mwanaume, mudogo, ngozi nyekundu, analia sawa panya aliyekanyagwa. Midomo yake ilikuwa ya buluu.

Muganga wetu, mama mumoja asiyependa maneno mengi, akamuweka mutoto kwenye kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, akamutia kipira cha oksijeni puani. Kisha akaniita inje.

"Mapafu yake hayajakomaa. Mashine ikimupa oksijeni mpaka akomae, atapona. Mashine ikisimama, sina kitu."

"Tumupeleke Kirotshe, hospitali."

"Kwa njia gani, Mama? Niambie njia, mimi mwenyewe nitamubeba."

Hakukuwa na njia. Barabara ilikuwa imekatwa, na pikipiki hazikushuka tena. Kwa hiyo pumzi ya kitukuu changu ilikuwa inatoka ndani ya lile sanduku, na sanduku lilikuwa linagombana na mulen.

Mujukuu wangu hakurudi tena kutwanga. Muganga alimuomba mwenye mulen asisage wakati batri zinajazwa, na mwenye mulen akakubali kwa uso uliokunjwa. Wanawake wakaanza kunung'unika, kwa sababu mahindi yalikuwa yanalala kwenye foleni. Halafu asubuhi moja mujukuu akaja mbio, nywele hazijasukwa, akanikamata mabega.

"Nimepata, Koko! Zamani niliipa akili moja. Sasa iko na mbili. Inatazama kwanza: mwendo unatikisika tu, ao unashuka kweli? Ukitikisika, inatulia, haijali. Ukishuka kweli, inaamka na kukimbia nao."

"Na ukishuka sana?"

"Niliiwekea mwisho. Chini ya pale itajitoa, la sivyo itaungua."

Mulen ikawashwa. Sisi wote tulisimama mbele ya sanduku sawa watu wa misa. Mahindi yakamwagwa, tukasikia turbini inanung'unika kule bondeni, na sanduku halikufanya "tak". Kwenye ordinatere musitari ulishuka, na musitari wa pili ukashuka nao, mukono kwa mukono. Nilipiga vigelegele mpaka muganga akanifukuza kwa sababu ya mutoto. Nilizunguka kijiji chote nikiwaambia watu ni damu ya nani iliyofanya ile kazi. Waliosikia mara ya kwanza niliwaambia tena.

Sasa nieleze habari ya ampule, kwa sababu hiyo njo ilitaka kutuua.

Ndani ya kinyumba cha turbini kulikuwa na ampule moja juu ya kichwa cha shemeji. Ilikuwa ya waya wa turbini, yenye wekundu na weupe ule ule. Shemeji alikuja kwangu na kofia mukononi, jambo ambalo halifanyi.

"Mimi njo ninalinda maji. Materinite iko na mwanga wa kizungu, na mimi ninakaa chini ya ampule ya mugonjwa. Ni haki?"

Haikuwa haki. Kwetu, siku ya kuvuna, muntu aliyelinda shamba lisiliwe na nyani njo anachukua kikapu cha kwanza. Mujukuu wangu naye aliona vile vile. Waliunganisha mabaki ya waya, wakateremsha kuran ya sanduku mpaka kwa shemeji, wakaondoa ampule ya zamani, na ampule yake mupya ikawaka bila kupepesa. Aliita majirani waione. Alikaa chini yake sawa chifu.

Hakuna aliyefikiri zaidi. Mujukuu wangu alidhani muzee anachunga turbini kwa kisaa cha sindano kilichoko ukutani, kinachopima mwendo. Muzee hakutazama kile kisaa tangu sindano ilipokwama. Miaka yote hiyo alikuwa anatazama ampule. Ikiwa nyekundu, anafungua vani, maji yanaongezeka. Ikiwa nyeupe kupita, anafunga. Hakuwahi kumwambia muntu, kwa sababu nani anaulizwa namna anavyotembea? Na alipopewa ampule ya sanduku, alifurahi kuona kwamba sasa turbini yake haichoki tena.

Siku chache zikaenda vizuri. Mvua ilikuwa nyingi, maji yalikuwa na nguvu yenyewe. Mutoto alianza kunyonya matone. Midomo ikapata rangi.

Kisha, asubuhi, bunduki zikalia kwenye mulima wa pili.

Watu wa mbali wanafikiri tukisikia bunduki tunakimbia. Kwanza tunasaga. Mahindi mazima yanataka moto wa muda mrefu, na moshi ukipanda porini, unaita wale unaowakimbia. Unga unataka maji ya moto na mukono wa haraka, moto unazimwa, umekula. Kwa hiyo siku ya bunduki kila mama anabeba ndoo yake na kwenda ku mulen kwa mbio, mutoto mugongoni, mukeka kichwani. Foleni ilizunguka kituo cha afya mpaka nyuma. Mulen haikupumua. Ndoo juu ya ndoo.

Mimi nilikuwa ndani ya kituo na wajukuu wangu. Sisi hatukufunga muzigo. Mutoto alikuwa amefungwa kwenye mashine, na sisi tulifungwa kwa mutoto. Mukubwa alikuwa ameinama juu ya ordinatere.

"Inashuka," akasema. "Inafuata. Inashuka tena. Kwa nini muzee wa turbini hafungui maji? Koko, kwa nini hafungui?"

Alikuwa anasema na chuma, anakiomba sawa muntu. Fuata, fuata tu, fuata. Kisha musitari ukafika kwenye mwisho aliouweka yeye mwenyewe.

"Tak."

"Tuko ku batri," akasema. "Batri zimezeeka, Koko. Hazitashika."

Alitaka kukimbia bondeni. Muganga akamukatalia: sanduku likizimika, nani ataliamsha? Mama wa mutoto alinitazama, mukono juu ya mugongo wa yule mudogo. Nikafunga kitenge vizuri, nikashuka mimi.

Ile njia ina mawe yenye kuteleza na mimi nina magoti ya kizee. Niliteremka nusu kwa miguu, nusu kwa matako. Nilimukuta shemeji ameketi chini ya ampule yake, anachonga mupini wa jembe.

"Fungua maji!"

"Habari ya asubuhi na kwako, shemeji."

"Fungua maji, mutoto anakufa!"

"Maji iko vizuri. Tazama ampule. Iko nacheka."

Niliitazama, na hapo nikaelewa. Ampule ilikuwa nyeupe, imetulia, nzuri kabisa, na nyuma yake turbini ilikuwa inanguruma polepole sawa muntu anayebeba gunia kwenye mupando.

"Hiyo si kuran ya turbini! Ni ya batri! Ampule yako iko nakunywa batri ya mutoto!"

Muzee aligeuza kichwa, akasikiliza turbini. Aliinua mupini, akaipiga ampule, vioo vikatuangukia kwenye mabega. Kisha akakamata gurudumu la vani kwa mikono miwili na kulizungusha mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Akatoka, akaingia ndani ya mufereji na nguo zake, akang'oa majani yaliyoziba vyuma. Turbini ikainua sauti, lakini si ya kutosha.

"Maji yote iko ndani," akasema, amelowa mpaka kofia. "Ingine sina. Mulen njo iko navuta. Nenda ku mulen, shemeji."

Nikapanda. Sikumbuki magoti wakati wa kupanda.

Ku mulen nilipita katikati ya watu, nikaweka mukono juu ya mudomo wa mulen, pale wanapomwaga. Jirani yangu mumoja njo alikuwa mbele, ndoo yake imeinuliwa, mutoto wake mugongoni. Tumelima naye tukipakana miaka mingi.

"Toa mukono, Mama."

"Mulen ipumzike kidogo. Batri zinakwisha, oksijeni itasimama. Mutoto anakufa."

"Na huyu?" Akageuza mugongo anionyeshe wake. "Huyu atakula nini kule porini? Atakula oksijeni?"

Wanawake wakapiga kelele. Mumoja akasema mimi ninajivuna na mujukuu wa sanduku, basi sanduku lituokoe sote. Mwingine akasema niache, sisi sote tuna watoto. Mwenye mulen alikuwa ametoka jasho na unga, amekuwa sawa sanamu. Akasema kwa sauti ya chini:

"Sisimamishi. Wataniua. Lakini tukimwaga na kikombe, si na ndoo, haitavuta sana."

"Na kikombe tutamaliza saa ngapi?" jirani akauliza.

Kila muntu alijua jibu. Na kikombe, wa mbele watasaga na wa nyuma hawatasaga. Nilisimama pale na mukono wangu. Sikuwaomba tena. Nilisema tu: "Mwageni na kikombe, ao mwageni juu ya mukono wangu."

Walimwaga na kikombe. Mama mumoja muzee njo alianza, akimulaumu Mungu kwa sauti, na wengine wakafuata. Turbini ikapata pumzi. Nilipoingia ndani ya kituo, batri zilikuwa zimekwisha na sanduku limesimama bila kufanya kitu, na mimi nikataka kulipiga teke. Muganga alikuwa anasukuma hewa kwa mupira wa mukono, kidogo kidogo, juu ya uso ambao haukuzidi machungwa mawili. Buluu ilikuwa imerudi kwenye midomo.

"Linasubiri nini?" nikamuuliza mujukuu wangu.

"Linasikiliza, Koko. Haliingii mpaka liwe na hakika turbini imetulia. Mimi njo nililifundisha hivyo." Alikuwa analia, vidole bado viko kwenye ordinatere.

"Tak." Safari hii ilikuwa ya kukubali. Mashine ya oksijeni ikaanza kukoroma, na mimi nikaketi chini kwenye simenti.

Bunduki zilikaribia kabla foleni haijafika nusu. Watu wakaondoka wote kwa mara moja. Niliona kwa dirisha jirani yangu akiinua ndoo yake ya mahindi mazima. Alikuwa amesukumwa nyuma katika ule musukumano, hakusaga hata kikombe. Hakunitukana. Alinitazama, akafunga mutoto wake vizuri, akaenda.

Mulen ikanyamaza, na turbini sasa haikuwa na muzigo. Ikaanza kukimbia, na mujukuu wangu akapiga kelele kwamba mwendo unapanda kupita. Lakini ukashuka tena pole pole. Shemeji alikuwa amebaki. Watoto wake walimuita toka juu ya njia, "Papa, kuya, tukimbie! Papa!" na yeye akawajibu kwamba yuko kazini, waende na mama yao. Alikuwa amefunga tena ampule ya zamani, ya mugonjwa, kwenye waya wa turbini, na alikuwa anaifuata. Tulikuwa watu wanne wazima ndani ya kijiji, pamoja naye watano, na mutoto mumoja. Wale wenye bunduki walipita kwenye njia ya juu. Tuliwasikia wakizungumza na kucheka. Hawakushuka.

Mutoto alikomaa. Siku moja muganga alitoa kipira puani kwa muda mufupi, siku nyingine kwa muda murefu, mpaka akakitoa kabisa na kukichemsha. Watu walikuwa wameanza kurudi. Jirani yangu alirudi kati ya wa mwisho. Walikuwa wamechemsha mahindi yale kwa woga, moto wakiuzima kila mara, na mutoto wake aliyala yakiwa magumu. Tumbo lilimukamata vibaya. Alirudi hai, lakini shingo yake ilikuwa nyembamba na hakuinua kichwa.

Nilimupelekea unga. Hakufungua mulango. Niliuacha pale, na kesho yake nikaukuta kwenye mulango wangu mimi. Mujukuu wangu aliniuliza kama ilikuwa lazima kuweka mukono pale. Nilimwambia kwamba ningeuweka tena, na usingizi wangu njo unalipa.

Kisha, siku ya Jumapili baada ya misa, jirani akaja. Hakubisha hodi. Alisimama kwenye kiwanja, mutoto wake mugongoni.

"Mulete nimuone huyu aliyekula unga wangu," akasema.

Mujukuu wangu mudogo aliogopa, akanitazama. Nikamwambia amupe. Jirani alimupokea kwa mikono miwili, akafunua kitambaa, akamutazama muda murefu. Akaweka sikio kwenye kifua cha yule mudogo, na mutoto wake mwenyewe, toka mugongoni, akanyoosha mukono na kumushika kichanga nywele.

"Anapumua vizuri," akasema. Akamurudisha. "Mupeni titi, iko na njaa."

Nilimuonyesha kiti. Hakuketi. Alipita kati ya mimi na mulango, akashuka njia ya shamba lake, na mimi nikabaki nimesimama nikimutazama mpaka kichwa cha mutoto wake, kilichokuwa kinategemea bega lake, hakikuonekana tena.